Kati ya Watu Wangapi?

Daftari lenyewe lina jalada la bluu na kurasa mia mbili, la aina ambayo watoto wa shule hununuliwa mwanzoni mwa muhula. Ukurasa wake wa kwanza una tarehe 13 Machi 2020, siku ya Ijumaa, na mbele ya tarehe hiyo ipo tarakimu moja tu: 1. Siku hiyo Waziri wa Afya wa Kenya, Mutahi Kagwe, alilitangazia taifa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana nchini, msafiri aliyekuwa amerejea kutoka Marekani kupitia London. Nilikuwa sebuleni kwetu Mombasa pamoja na mamangu. Tangazo lilipokwisha yeye aliinuka akaenda kutia udhu, nami nikabaki nimekaa na hofu iliyotaka kazi ya kufanya, na kazi niliyoipata ilikuwa kuhesabu.

Mamangu wakati huo alikuwa na umri wa miaka 68, na ana sukari na presha. Habari zote zilizotufikia zilisema kwamba ugonjwa huu huwaandama watu wa namna yake, na kila nilipomtazama akichambua mchele nilikuwa nikimwona kama mtu aliyekwisha kutajwa. Nilichora safu nne katika daftari: tarehe, waliopatikana, waliopona, waliofariki. Kila alasiri nilisubiri tangazo la wizara, lililosomwa na waziri mwenyewe au na msaidizi wake, Dkt. Mercy Mwangangi, nikaandika tarakimu kabla hazijasomwa mara ya pili. Asubuhi, kabla ya chai, nilifungua kopo la karafuu jikoni na kunusa, kwa sababu tulikuwa tumesikia kwamba korona huondoa uwezo wa kunusa. Nikiipata harufu nilitulia kwa saa mbili au tatu, kisha nilirudi kwenye kopo. Siku nyingine nilinusa mara nyingi mpaka pua ikazoea na harufu ikafifia, na hapo moyo ulinienda mbio kwa ishara niliyokuwa nimeitengeneza mwenyewe. Ilinichukua muda kutambua kwamba daftari na kopo la karafuu vilikuwa vikinifanyia kazi moja: vyote viwili vilinipa utulivu mfupi, na vyote viwili, nilipovitumia kupita kiasi, vilinidanganya.

Hesabu ya kwanza niliyojaribu kuifanya mwenyewe ilikuwa ya kugawanya. Tarehe 3 Machi 2020 Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alikuwa amesema kwamba kati ya wagonjwa wote walioripotiwa duniani, takriban asilimia 3.4 walikuwa wamefariki. Mwisho wa mwezi huo nilisoma takwimu za Italia, ambako hadi tarehe 27 Machi watu 86,498 walikuwa wamethibitishwa kuambukizwa na 9,134 wamekufa. Nikagawanya, nikapata zaidi ya watu kumi katika kila mia. Usiku ule sikulala. Mara nne hivi nilikwenda kusimama nje ya mlango wa chumba cha mama nikimsikiliza anavyopumua, na lililonitisha kuliko yote ni kwamba hesabu yangu ilikuwa sahihi. Niliirudia kwa simu, nikairudia kwa kalamu, na jibu halikubadilika.

Kosa halikuwa katika kugawanya. Lilikuwa katika kudhani kwamba nimegawanya kwa watu walioambukizwa, hali ya kuwa nilikuwa nimegawanya kwa watu waliopimwa wakapatikana. Katika majuma yale Italia ya kaskazini ilikuwa imeelemewa, na waliofikiwa na vipimo walikuwa zaidi wale waliozidiwa hadi kupelekwa hospitalini. Aliyekohoa siku tatu nyumbani kwake akapona hakuandikwa popote. Zaidi ya hayo, Italia ni nchi ya wazee, ambako karibu robo ya watu wamevuka miaka 65, na sisi kwa sensa yetu ya 2019 tuliovuka umri huo hatukufika hata wanne katika mia. Ilipofika tarehe 31 Julai 2020 Kenya ilikuwa na visa 20,636 na vifo 341, ambavyo ukivigawanya utapata watu 16 au 17 katika kila elfu moja. Italia zaidi ya 100 katika elfu, dunia 34, sisi 17, na virusi ni vilevile, havikuongezeka ukali wala kupungua kwa kuvuka bahari. Kilichobadilika ni umri wa watu, na namba ya chini, ile unayogawanya kwayo, ambayo hakuna aliyeisoma redioni kwa sauti ya kutisha, nayo ndiyo iliyobeba nusu ya maana.

Nataka kulikalia kidogo jambo la lugha, kwa sababu naamini liliwatesa wengi na sijaona likizungumzwa vya kutosha. Vituo vyetu vya redio na televisheni vilikuwa vikitangaza kila jioni kwamba “kiwango cha maambukizi nchini ni asilimia 14”, au 9, au kiasi chochote kile kilichokuwa cha siku hiyo. Msikilizaji wa Kiswahili akiambiwa kiwango cha maambukizi nchini ni asilimia 14, anaelewa kile ambacho maneno yanasema, yaani kwamba Wakenya 14 katika kila 100 wana ugonjwa. Mimi nilielewa hivyo kwa majuma mengi. Nilikuwa nikipanda matatu, nikiwatazama abiria kumi na wanne waliomo ndani, na kuhesabu moyoni kwamba wawili kati yao lazima wanao. Kumbe asilimia ile ilikuwa ni ya sampuli: kati ya watu 100 waliopimwa siku ile, 14 walipatikana na virusi. Na waliopimwa hawakuwa Wakenya waliookotwa kama kokoto, bila kuchagua. Walikuwa madereva wa malori waliozuiliwa Namanga, Malaba na Busia, watu waliokaa na wagonjwa nyumba moja, wasafiri, na wagonjwa walioletwa hospitalini wakihema kwa shida. Kumpima mtu aliyekwisha kuonyesha dalili na kuambiwa anao, kisha kumgawia hofu hiyo kila abiria wa matatu, ni kosa ambalo mtangazaji angeweza kuliondoa kwa maneno mawili ya ziada: “ya waliopimwa”. Maneno mawili tu, na nchi nzima ingelala vizuri zaidi.

Hata hivyo asilimia ile haikuwa bure, na nilipoielewa ilinifaa kuliko safu zangu zote nne. Mvuvi wa kwetu akitupa kimia chake kidogo mara moja kikarudi kimejaa, hasemi kwamba baharini mna samaki kumi na watano. Anajua kwamba wengine wengi wamebaki majini na kimia chake ni kidogo. Kipimo kile kilisema habari za kimia zaidi kuliko za bahari. Mwezi wa Mei 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri serikali zisilegeze masharti mpaka asilimia ya wanaopatikana miongoni mwa wanaopimwa ishuke chini ya 5 na idumu hapo kwa wiki mbili, kwa maana kwamba nchi inayopima watu wengi na kupata wachache angalau inajua ilipo, lakini nchi inayopima wachache na kupata wengi inatembea gizani. Nilichukua rula nikabana safu ya tano pembeni mwa kila ukurasa, nikaiandika “sampuli”, kisha nikarudi nyuma kuijaza kwa taarifa za magazeti ya zamani. Ghafla daftari likaanza kusema mambo ambayo halikuwahi kuyasema. Siku nilizokuwa nimezizungushia wino mwekundu kwa sababu visa viliruka, nyingi zilikuwa siku ambazo sampuli nazo ziliruka. Siku ambazo nilipumua kwa sababu visa vilipungua, mara nyingi zilikuwa siku zinazofuata mwisho wa juma, ambapo waliopimwa walikuwa wachache. Nilikuwa nimefurahia Jumatatu nyingi kwa sababu ya mapumziko ya Jumapili.

Na ile jumla ya waliopatikana tangu mwanzo, niliyokuwa nikiiandika chini ya ukurasa na kuitazama kwa hofu kubwa kuliko zote, niliacha kuiandika. Jumla ya waliowahi kuugua haishuki kamwe. Hata ugonjwa ukiisha leo usiku, jumla itabaki palepale ilipofikia, na mtu mwenye hofu akiikazia macho kila siku ataona ngazi inayopanda tu, asione kwamba vidato vyake vimeanza kuwa vifupi.

Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Tuna jamaa ndani ya Mji wa Kale, na siku ile simu hazikukoma. Sababu iliyotolewa ilikuwa visa vilivyopatikana humo, na sina ugomvi na hofu ya wizara, kwa kuwa nyumba zile zimebanana, vichochoro ni vyembamba na watu wanaishi vizazi vitatu chini ya dari moja. Lakini nilishuhudia jambo ambalo namba haikuweza kulisema. Wapimaji walipokuja, watu wengi hawakujitokeza. Kila mtu alijua kwamba atakayepatikana na virusi atachukuliwa yeye, na watu wa nyumbani mwake watatiwa karantini, na majuma machache nyuma waliotiwa karantini walikuwa wakidaiwa gharama za kuwekwa humo, mpaka serikali ikasema kwamba itazibeba yenyewe. Mtaa mzima ulikuwa umejifunza kwamba kuhesabiwa kuna adhabu. Wakati huohuo, watu wa mitaa mingine ambako hakuna aliyekwenda kupima waliwatazama watu wa Mji wa Kale kama wenye ukoma. Mtaa uliopimwa ulionekana mgonjwa. Mtaa usiopimwa ulionekana mzima.

Jibu la swali lililokuwa likinisumbua, la ni wangapi hasa, lilitoka mahali ambapo sikupatarajia. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi na wenzao walichukua damu iliyokuwa imetolewa na wachangiaji katika benki za damu kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakaitazama kama ina chembechembe za kinga ambazo mwili huzitengeneza baada ya kukutana na virusi hivi. Sampuli zilikuwa 3,098, na 174 kati yake zilikuwa na kinga. Baada ya kusawazisha kwa umri, jinsia na maeneo, na kwa makosa ya kipimo chenyewe, walikadiria asilimia 4.3 kwa nchi nzima, Nairobi asilimia 7.3, na Mombasa, mji wetu, asilimia 8. Nilikaa na tarakimu hizo jioni nzima. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Wachangiaji wa damu ni watu wazima, kwa hiyo nikawatoa watoto wote na wazee, nikabaki na watu 700,000 kwa hesabu ya tahadhari. Asilimia 8 yao ni 56,000. Ilhali katikati ya mwezi wa Juni, nchi nzima, kutoka Lamu hadi Busia, visa vilivyothibitishwa havikuwa vimefika 4,000.

Nililia, na nataka kueleza kwa nini. Kwa mtu mwingine habari hiyo ingekuwa ya kutisha, kwamba ugonjwa umekwisha kuenea mara nyingi zaidi ya tulivyoambiwa. Kwangu ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Iwapo watu elfu hamsini na ushei wa mji wangu walikuwa wamekwisha kuupata, na mji haukuwa umejaa majeneza, basi ile namba ya chini ilikuwa kubwa sana kuliko nilivyodhani, na sehemu ya wanaokufa ilikuwa ndogo sana. Huenda yule mwuza maembe, na jirani aliyekohoa mwezi wa Mei, na hata mimi katika zile siku tatu za homa nilizowaficha watu wa nyumbani, tulikuwa tumo katika hao elfu hamsini. Furaha hiyo ilikuwa na haki, lakini haikuwa na haki yote. Ilidhani kwamba namba ya juu, ya waliokufa, angalau ilikuwa kamili, na hilo nitalirudia.

Kabla ya hapo niseme habari za tasbihi. Mwishoni mwa mwaka ule wa 2020 watafiti walikuwa wamekusanya tafiti za nchi nyingi na kukadiria hatari kwa umri, na makadirio yao yalipanda kwa kasi ya kushangaza: kwa mtu wa miaka 25 aliyeambukizwa, kifo kimoja katika watu 10,000, kwa wa miaka 55, vinne katika 1,000, kwa wa miaka 65, kumi na vinne katika 1,000, kwa wa miaka 75, arobaini na sita. Umri wa mama uliangukia karibu na wawili katika mia, na kwa sukari yake zaidi kidogo. Nilitaka ajue, kwa kuwa nilikuwa nimemfungia nyumbani kwa miezi tisa kwa amri yangu mwenyewe, na alikuwa amechoka na mimi. Sikuweza kumwambia “asilimia mbili”, maana hata mimi neno hilo halikuwa likiniingia. Nikachukua tasbihi yake yenye chembe 99, nikaiweka mapajani mwake, nikatenga chembe mbili kwa vidole, nikamwambia: Mama, chukua wazee 99 wa umri wako, na wote waupate, wanaoondoka ni kama hizi mbili.

Aliitazama kwa muda. Kisha akazisukuma zile nyingine kwa kidole gumba, moja moja, kama anavyofanya baada ya sala, mpaka akazirudia zile mbili, akazishika.

“Na hawa wawili nao ni watu, mwanangu,” akasema. “Lakini kwa hawa wengi, nifungulie mlango nikamwone dadangu.”

Nilimfungulia, tukaenda tukiwa na barakoa, wakakaa uani palipo na upepo. Jambo alilolifanya na chembe zile ndilo nililoshindwa kulifanya na daftari zima. Mtu mwenye hofu huziona zile mbili tu, na anayetaka kupuuza huziona 97 tu, na yeye alizishika zote mkononi kwa wakati mmoja akaamua la kufanya alasiri ile.

Mapema Machi 2021 chanjo za kwanza za AstraZeneca zilipofika Kenya, na baadaye mwezi huo milango ilipofunguliwa kwa watu wa miaka 58 na kuendelea, nilikuwa tayari kidogo. Tarehe 7 Aprili mamlaka ya dawa ya Uingereza ilieleza kwamba katika dozi zipatazo milioni 20 ilikuwa imepokea taarifa za watu 79 walioganda damu kwa namna isiyo ya kawaida, na 19 kati yao wamefariki. Siku ile kila simu ya jamaa zetu ilipokea ujumbe uleule wenye neno “damu” na neno “kifo”, na hakuna ujumbe hata mmoja uliotaja milioni 20. Nilikaa na mama tukafanya hesabu kwa watu milioni moja, kipimo kimoja kwa pande zote mbili: wanaoganda damu kwa chanjo, wanne, wanaokufa katika wazee milioni moja wa umri wake wakiambukizwa, elfu ishirini. Si kila mzee angeambukizwa, hilo tulilisema pia, lakini wimbi la tatu lilikuwa limetufika na asilimia ya waliopatikana kati ya waliopimwa ilikuwa imevuka 20. Alichanjwa. Alisumbuliwa na homa usiku mmoja.

Sasa nirudi kwenye namba ya juu.

Dada yangu ameolewa Tanga. Tarehe 29 Aprili 2020 Tanzania ilitangaza visa 480 na vifo 16, na baada ya Zanzibar kuongeza takwimu zake mapema mwezi wa Mei visa vikafika 509, kisha kimya. Tarehe 3 Mei Rais Magufuli, akiwa Chato, alisema hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa majina ya watu zilirudi zikiwa na virusi, na kwamba kwa hiyo vipimo haviaminiki. Takwimu hazikutoka tena mpaka katikati ya 2021, wakati wa Rais Samia Suluhu Hassan. Kwa mwaka mzima na zaidi mimi nilikuwa upande huu wa mpaka nikizama katika tarakimu, na dada yangu upande ule hana hata moja. Nilidhani angekuwa mtulivu zaidi yangu. Nilipomwuliza kwa simu, mwanzoni mwa 2021, alinijibu: “Nyinyi mwahesabu wagonjwa, sisi twahesabu matanga.” Akanitajia nyumba za mtaani kwao, moja baada ya nyingine. Nilimwuliza swali ambalo daftari lilikuwa limenifundisha kuliuliza: kwa kawaida, mwezi kama huu, mtaani kwenu huwa na matanga mangapi? Alinyamaza. Hakuna aliyewahi kuyahesabu.

Bila kujua, dada yangu alikuwa amekaribia njia ambayo wataalamu wenyewe walikuja kuitegemea kuliko zote. Badala ya kubishana ni nani alikufa kwa korona na nani alikufa kwa presha akiwa na korona, unahesabu vifo vyote vya mwaka huo, unatoa vile ambavyo mwaka wa kawaida ungekuwa navyo, na kinachobaki ndicho gharama ya janga, kwa kuua au kwa kuziba njia ya hospitali. Mwezi wa Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio yake kwa njia hiyo: mwaka 2020 na 2021 vilikuwa na takriban vifo milioni 14.9 vya ziada duniani, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya korona kwa miaka hiyo miwili vilikuwa milioni 5.4. Lakini njia hiyo inahitaji nchi inayoandika vifo vyake vyote katika miaka ya kawaida. Kwetu, kote Afrika Mashariki, sehemu kubwa ya watu hufia nyumbani na kuzikwa bila daftari lolote la serikali kujua, kwa hiyo hata wataalamu walilazimika kukisia kwa kutazama nchi zinazofanana na zetu.

Utafiti ulionishika zaidi ulitoka Lusaka, na ulichapishwa Februari 2021. Katika mochari ya hospitali kuu ya chuo kikuu, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti waliwapima marehemu 364 ndani ya siku mbili tangu kufa, na kuwapata 70 wakiwa na virusi. Kati ya hao 70, watu 51 walikuwa wamefia nje ya hospitali, na hata mmoja kati ya hao 51 hakuwa amepimwa alipokuwa hai. Wengi walikuwa na kikohozi, homa, au shida ya kupumua. Zambia wakati huo ilikuwa ikisifiwa, kama tulivyosifiwa sisi, kwa kuponea chupuchupu. Niliposoma ule mstari wa watu 51, nilifunga simu nikaenda kukaa nje, kwa sababu nilikuwa namfahamu mmoja wa namna hiyo.

Ami yangu alifariki mwezi wa Agosti 2020, kijijini Kwale. Alianza kwa homa, kisha kikohozi kikavu, na siku ya saba akawa hawezi kulala chali. Alikaa kitandani ameegemea ukuta, anavuta pumzi kwa mabega. Wanawe walitaka kumpeleka hospitali, yeye akakataa, kwa kuwa alikuwa ameona kwenye televisheni maiti za korona zikizikwa na watu waliovaa mavazi meupe kuanzia utosini hadi vidoleni, jamaa wamesimamishwa mbali, na alisema yeye ataoshwa na ndugu zake. Alikufa kabla ya alfajiri. Tulipofika, maji yalikuwa yakichemshwa na kaburi linachimbwa, na watu wengi wamekwisha kukusanyika uani kuliko idadi iliyoruhusiwa.

Naibu wa chifu alikuja kwa pikipiki, maana kibali cha mazishi hakitoki bila yeye. Ndani ya nyumba mlikuwa bado na kiza, nami nikawasha tochi ya simu nikammulikia karatasi. Aliandika jina, umri, kijiji, tarehe. Alipofika kwenye nafasi ya chanzo cha kifo aliinua kichwa akauliza, kwa upole kabisa, “Mzee alikuwa na nini?”

Hakuna aliyejibu. Nje, watu waliokuwa wakisubiri kumwosha walinyamaza. Mke wa ami alikuwa ameketi mkekani, mkono mmoja juu ya goti la mwanawe wa mwisho, na alinitazama mimi, kwa sababu jamaa wote walijua kwamba mimi ndiye mwenye daftari.

“Pumu,” akasema hatimaye.

Ami hakuwahi kuwa na pumu maishani mwake. Naibu wa chifu aliandika pumu. Nilikuwa nimesimama karibu naye nikimulika, na mwanga haukutikisika.